Nusu Ekari Isiyorithiwa

Marehemu baba yetu alituachia shamba la ekari 12 kusini ya mji wa Tanga, upande wa baharini wa barabara iendayo Pangani. Ni shamba la kawaida la pwani: minazi mikongwe iliyorefuka hata wakwezi wanaikataa, miembe michache, mikorosho, na muhogo katikati yake. Jambo moja tu halikuwa la kawaida. Katika kona ya mashariki pana mbuyu mkubwa, na kando ya mbuyu huo palikuwa na kichaka cha nusu ekari ambacho baba hakukilima hata siku moja, wala babu kabla yake.

Ndani ya kichaka hicho mna magofu. Pana ukuta wa mawe ya matumbawe uliosimama kimo cha kiuno, na mahali pa mihrabu paelekeapo kaskazini, ambako ndiko kilipo kibla chetu sisi watu wa huku. Pana kisima kilichojaa udongo. Upande wa magharibi yapo makaburi yaliyojengewa kwa mawe na chokaa, na moja kati ya hayo lina nguzo iliyokatika na kulala chini. Majirani zetu wa Tongoni wana magofu yajulikanayo: msikiti wa kale na makaburi yapatayo 40, yanayolindwa na serikali na kutembelewa na wageni. Yetu hayakuwa na kibao wala uzio. Mlinzi wao alikuwa mmoja tu, naye ni baba.

Baba alipaita mahali pale "kwa wenyewe." Tulipokuwa wadogo tukimuuliza wenyewe hao ni nani, alijibu kuwa ni Waislamu wenzetu waliotutangulia, na kila alipopita aliwatolea salamu. Alikataza kufunga mbuzi pale, kukata kuni, kuwasha moto na kuondoa jiwe. Alikataza pia jambo lililokuwa maarufu zaidi katika vijiji vyetu. Nakumbuka mama mmoja alikuja na ubani na kitambaa chekundu, akitaka kukifunga kwenye mbuyu ili ajaliwe mtoto. Baba alimkaribisha barazani, akampa dafu, akamwambia kwa upole kwamba wale waliolala pale wanahitaji dua zake, si yeye anayehitaji zao; kisha akainua mikono akamwombea kwa Mwenyezi Mungu. Yule mama aliondoka na kitambaa chake mkononi.

Nayaeleza haya kwa sababu, baba alipofariki, mimi niliyeyashuhudia yote hayo ndiye niliyeuvunja ulinzi wake.

Mama alikwisha kumtangulia baba mbele ya haki, na wazazi wa baba vilevile. Tulibaki warithi wanne: mimi na mdogo wangu wa kiume, na ndugu zetu wawili wa kike. Hesabu ya mirathi ilikuwa nyepesi. Sehemu ni 6, kila sehemu ekari 2. Sisi wanaume tupate ekari 4 kila mmoja, na wao wapate ekari 2 kila mmoja. Niliteuliwa kuwa msimamizi, nikachukua kamba na vigingi, nikaanza kupima kutoka barabarani, ambako ardhi ina thamani zaidi. Nilipofika mwisho, kona ya mbuyu ilikuwa imeangukia kwa kitinda mimba wetu, ambaye ni mjane mwenye watoto watatu. Katika ekari zake 2, robo nzima ilikuwa magofu.

Hesabu ya ekari ilikuwa sawasawa, na kwa hiyo nilijiambia kwamba nimefanya uadilifu. Yeye alizunguka mpaka wake kimya kimya, akarudi aliposimama nami, akasema neno moja: "Kaka, umenigawia makaburi."

Iliyonipasa siku ile ni kuing'oa kamba na kupima upya. Badala yake nilitafuta dawa katika udongo. Nilimwambia asihuzunike, kwamba nitakodi trekta kwa fedha zangu, kichaka kiondolewe, naye apate nusu ekari yake kamili. Nilijiona mkarimu. Tena nilikuwa na hoja: udongo wa pale ulikuwa mweusi na laini kuliko kwingine kote shambani, na muhogo uliopandwa ukingoni mwa kile kichaka ulikuwa ukizaa kuushinda wote. Sikujiuliza weusi ule umetoka wapi. Baadaye nilifahamishwa kwamba ardhi iliyokaliwa na watu kwa karne nyingi hurutubishwa na majivu ya meko yao, makombe waliyokula, mifupa ya samaki na taka za nyumba zao. Ndiyo maana pwani yote hii wakulima wanayapenda mahame ya kale, na ndiyo maana mahame hayo yanaangamia. Rutuba tuliyoitamani ilikuwa mabaki ya maisha ya wenyewe.

Tulikifyeka kichaka na kukichoma moto siku mbili kabla ya trekta kuja. Moto ulipozimika niliona lipu ya chokaa, iliyodumu ukutani miaka isiyojulikana idadi, imepasuka na kudondoka vipande vipande. Hilo peke yake lilitosha kunizuia, lakini fedha ya trekta ilikwisha kulipwa.

Jumamosi asubuhi, kabla ya mvua za masika, dereva aliingia na plau yake. Msitari wa kwanza ulitoa mawe. Wa pili ukatoa vigae vingi vya vyungu, na shanga ndogo mbili tatu, nyekundu na buluu, ambazo watoto walizikimbilia. Katika msitari wa tatu dereva alisimama, akazima injini, akateremka. Aliinama nyuma ya plau akatazama, kisha akavua kofia yake. Ulikuwa mfupa wa mguu wa mtu, mwembamba, wa rangi ya udongo, umevunjika katikati. Na mvunjiko wake ulikuwa mweupe kwa upya.

"Mzee," aliniambia, "hapa mimi siendelei." Hakuwa mtu wa kijiji chetu, wala hakuwa na deni lolote kwa waliozikwa pale. Alinirudishia nusu ya fedha bila ya kuombwa.

Nilikwenda kwa shangazi, dada yake baba, ambaye umri wake umekwenda na macho yake yamefifia. Nilimsimulia mkasa wote, nikitarajia anikaripie. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza swali moja: "Ulipopima, ulianzia wapi?"

Sikuweza kumjibu. Alifahamu, bila ya kuona, kwamba mfupa ule haukuvunjwa na plau. Ulivunjwa na kamba.

Maalimu wetu alikuja alasiri ile ile. Alituamrisha tuufunike mfupa pale pale ulipotoka, kwa mikono na si kwa jembe, na tusichimbe zaidi kutafuta mingine. Alitukumbusha mafundisho ya Mtume (s.a.w.) kwamba hadhi ya Muislamu haikomi kwa kufa, na kwamba kuuvunja mfupa wa maiti kumefananishwa na kuuvunja akiwa hai. Mdogo wangu wa kiume, ambaye amesoma kidogo, aliuliza swali ambalo huenda msomaji naye analo: je, wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafii hawakusema kwamba maiti akishageuka udongo kabisa, ardhi yaweza kulimwa?

Maalimu alikubali kwamba wamesema. Lakini aliweka mambo mawili mbele yetu. La kwanza, mfupa umeonekana kwa macho, basi nani awezaye kudai kwamba pale pamekuwa udongo mtupu? La pili ndilo lililonikata kauli. Ardhi iliyotengwa na watu kwa ajili ya kuzika maiti wao, na ardhi iliyojengwa msikiti, ni wakfu. Msikiti hata ukianguka ukuta wa mwisho, uwakfu wake haubatiliki. Hauuzwi, haupewi mtu zawadi, na haurithiwi. "Baba yenu," alisema, "aliacha ekari 11 na nusu. Hiyo nusu iliyobaki hakuwa nayo. Aliitunza tu. Wewe umemgawia dada yako kitu kisichokuwa cha marehemu, kisha ukamlipia mtu aje akiharibu."

Siku ya pili yake tulitoa taarifa katika serikali ya kijiji. Baada ya majuma kadhaa alikuja mtaalamu wa mambo ya kale. Nilidhani atakuja na majembe na vijana wa kuchimba. Alikuja na daftari, kamera na futi ya kupimia. Hakuchimba hata shimo moja. Alitembea nusu ekari ile siku nzima, akichora kila ukuta na kila kaburi, akapiga picha misitari mitatu ya plau. Watoto walimletea vigae na shanga walizoziokota, naye aliwashukuru, lakini niliona uso wake ukihuzunika.

Alinionesha kigae kimoja cha kijani kibichi chenye kung'aa, akasema kimetoka China. Nilifurahi nikadhani tumepata kitu cha thamani. Aliniambia: "Ningekikuta kimelala chini ya sakafu ya msikiti huu, kingeniambia msikiti ulijengwa baada ya lini. Sasa kimetoka kwenye plau, kinaniambia tu kwamba kilikuwapo."

Nilimwelewa kwa mfano wa yale tuliyosoma chuoni. Habari isiyo na isnadi, hata maneno yake yawe mazuri namna gani, hatuna njia ya kujua imetoka kwa nani. Vitu vya kale navyo isnadi yake ni udongo. Tabaka la chini ni la waliotangulia, la juu ni la waliofuata, na kila kigae, shanga na sarafu hutoa ushahidi kwa mahali kilipolala. Jembe la mkono hugeuza sentimita 10 hadi 15 za juu. Plau ya trekta hushuka sentimita 20 hadi 30. Shimo la kupandia mnazi au mwembe hupita hapo. Tabaka zikishachanganywa, hakuna mtaalamu awezaye kuzipanga tena. Ukuta ulioanguka waweza kujengwa. Udongo uliovurugwa haurudi.

Na ushahidi huo ni mkubwa kuliko nilivyofikiri. Wengi wetu tumekua tukisikia kwamba Uislamu wa pwani hii ni jambo lililoletwa juzi na majahazi ya wageni, likakaa juu juu. Kitabu cha kale cha kujibu madai hayo hatuna. Wazee wetu wa karne za mwanzo hawakutuachia maandishi mengi. Lakini walituachia ardhi. Katika miaka ya 1980 mwanaakiolojia Mark Horton alichimba mahame ya Shanga, katika kisiwa cha Pate nchini Kenya. Chini ya msikiti wa mawe alikuta msikiti mwingine wa zamani zaidi, na chini yake mwingine, hadi akafikia alama za nguzo za jengo dogo la miti la karne ya 8 Miladia. Karne ile inaangukia karne ya pili ya Hijria. Waislamu wachache waliokuwa wakisali katika kibanda cha miti, wakajenga kikubwa zaidi, kisha wajukuu wao wakajenga kwa mawe: habari yote hiyo ilisomwa katika udongo, kwa sababu hakuna aliyeuvuruga.

Hali kadhalika, kisiwani Unguja, msikiti wa Kizimkazi Dimbani una maandishi ya Kikufi yenye mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladia, nayo yamedumu kwa kuwa watu wa pale waliuhifadhi msikiti wao na kuendelea kuuswalia. Na huko Pemba, katika mahame ya Mtambwe Mkuu, mwaka 1984 zilipatikana sarafu ndogo za fedha zaidi ya 2,000 pamoja na dinari chache za dhahabu. Juu ya sarafu zile za fedha yamo majina ya watawala Waislamu. Lau zingeokotwa na mtu wa kuyeyusha fedha, angepata uzito mdogo wa madini, na majina yale yangepotea daima.

Nasema hivyo kwa sababu adui wa magofu yetu si mkulima peke yake. Mwezi mmoja baada ya habari kuenea kwamba kwetu kumepatikana "vitu," tulikuta asubuhi shimo lenye kina cha mtu mzima limechimbwa katikati ya makaburi mawili. Walikuwa watafutaji wa kile kiitwacho mali za Wajerumani. Kila mtu wa Tanga amewahi kusikia habari za hazina hizo, na kila mwaka watu huuza mbuzi na baiskeli zao kuwalipa waganga wawaoneshe zilipo. Katika shimo lile hawakupata kitu ila waliyoyavunja. Wapo pia wachomaji wa chokaa, ambao kwao ukuta wa matumbawe ni mawe yaliyokwisha kukusanywa, yanangoja tanuri. Wapo wajenzi wanaoyachukua kwa misingi ya nyumba. Ipo mizizi ya miti iotayo juu ya kuta, na mbuzi wapandao. Na upo ule moto wetu wa kusafisha shamba, ambao ninaujutia hadi leo.

Lipo jambo jingine, nalo nitalisema kwa adabu kwa kuwa ni la ndani ya nyumba yetu. Vijana fulani walimjia mdogo wangu wakamshawishi kwamba makaburi yenye nguzo ni bidaa, na kuyabomoa ni kutekeleza Sunna. Mdogo wangu aliingiwa na shaka, na kwa kweli hata mimi sikuwa na elimu ya kuwajibu. Tulilirudisha kwa maalimu. Hakukana kwamba Mtume (s.a.w.) amekataza kuyatukuza makaburi. Alisema hukumu za namna hiyo ziko kwa wanavyuoni na wenye mamlaka, si kwa vijana wenye nyundo usiku. Na kwamba aliyeanza kwa kubomoa nguzo huishia kufukua aliye chini yake. Kisha akatukumbusha ya baba. Baba hakuacha ubani uchomwe pale wala kitambaa kifungwe, na hakuacha jiwe liondolewe. Alizuia shirki na alizuia uharibifu kwa mkono ule ule, na hakuona mgongano kati ya mambo hayo mawili. Qur'ani yenyewe inatuhimiza mara nyingi tutembee katika ardhi tutazame mwisho wa waliokuwa kabla yetu. Tutatazama nini ikiwa tumekwisha kulima yote?

Yule mtaalamu alitueleza pia upande wa sheria, nami nauandika hapa kwa manufaa ya wenzangu wenye mashamba. Tanzania Bara tunayo Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Majengo na vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863 vinaingia ndani yake, hata kama hakuna kibao kilichosimikwa. Mwenye kugundua kitu cha namna hiyo anawajibika kutoa taarifa serikalini, na hakuna ruhusa ya kuchimba bila ya kibali, hata kama shamba ni la mchimbaji mwenyewe. Zanzibar nao wana sheria zao za kuhifadhi mambo ya kale. Nilipoyasikia hayo nilitambua kwamba sheria ya nchi na maneno ya maalimu yalikuwa yananiambia jambo moja: kumiliki shamba si kumiliki kila kilichomo.

Ilibaki haki ya ndugu yangu. Niliwaita wote wanne chini ya mwembe, na shangazi akaletwa akakalishwa katikati yetu. Niliomba radhi mbele yao, nikaanza na yeye. Kisha tukaitoa ile nusu ekari nje ya hesabu na kuzigawa upya zile ekari 11 na nusu. Hesabu ilitoka vizuri kuliko nilivyoogopa. Mimi na mdogo wangu wa kiume kila mmoja alipungukiwa na sehemu moja ya sita ya ekari; ndugu zetu wa kike kila mmoja alipungukiwa na sehemu moja ya kumi na mbili. Kwangu mimi, sehemu ile ni kiasi cha minazi minne. Kwa minazi minne nilikuwa tayari kumdhulumu mjane na kuwavunja mifupa waliolala.

Safari hii kamba aliishika yeye, na kupima tulianzia kwenye mbuyu.

Kuihifadhi nusu ekari ile hakutugharimu mengi, na huenda yaliyotufaa sisi yakawafaa wengine. Tumeacha ukanda wa hatua kumi kuzunguka magofu usiolimwa wala kuchomwa moto, kwa kuwa makaburi mengine huwa nje ya yale yanayoonekana. Nje ya ukanda huo, upande wa ndugu yangu, hulimwa kwa jembe la mkono pekee, na hupandwa kunde na mbaazi badala ya miti yenye mashimo makubwa. Miche inayoota juu ya kuta huikata ingali michanga, kwa panga, wala hatuing'oi, maana mzizi ukivutwa hutoka na jiwe. Mawe yaliyoanguka tunayaacha yalipoangukia. Lile shimo la wachimbaji tulilifukia kwa mchanga mweupe wa pwani, kwa ushauri wa mtaalamu, ili atakayekuja kuchunguza siku moja ajue palipoharibiwa na pasipoharibiwa. Vigae na shanga zilizookotwa alivichukua mtaalamu kwa maandishi. Watoto tumewafundisha kwamba wakiona kitu wasikiokote, bali wamwite mkubwa akione kilipo. Na hati za shamba sasa zinataja nusu ekari ile kuwa ni msikiti na makaburi ya wakfu, ili atakayerithi baada yetu, au atakayenunua, asije akapima kwa kamba kama niliyoitumia mimi.

Nawaomba wazee wanaosoma gazeti hili wafanye jambo moja wangali hai. Wawachukue watoto wao, wa kiume na wa kike, wawatembeze shambani, wawaoneshe kwa kidole palipo pa wenyewe, kisha waliandike. Baba yetu alituonesha kwa vitendo vyake miaka yote, lakini hakuandika, na mimi nilijifanya nimesahau. Na wale waliopewa dhamana ya kugawa mirathi, kabla ya kuhesabu mafungu wahesabu kwanza kilicho cha marehemu na kisicho chake. Madeni tunayatoa, wasia tunautoa. Basi wakfu wa waliokufa kabla ya marehemu nao utolewe, japo hawana mrithi wa kuja kuudai.

Ndugu yangu alivuna kunde zake mwezi uliopita, akatuletea kila nyumba pishi moja. Mwanawe wa kwanza, mwenye miaka tisa, ndiye siku hizi anayewafukuza mbuzi kule. Wiki iliyopita nilimsikia akitoa salamu alipopita karibu na ukuta, nikamuuliza nani amemfundisha. Alisema ni mama yake. Mvua inaponyesha na udongo ukashuka, misitari mitatu ya plau ingali inaonekana wazi, na ule wa tatu umeishia katikati. Yeye huniuliza kwa nini haukufika mwisho, nami humweleza yote, pamoja na jina la aliyemlipa dereva.

Wabillahi tawfiq.